Ushahidi Juu ya Mashine: Kulinganisha Kompyuta, Projekta na Spika kwa Uadilifu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, somo la toleo hili linaweza kukushangaza. Mimi ni mwanafunzi wa elimu ya dini, na wengi mnanitarajia niandike juu ya twahara au mirathi. Leo nitaandika juu ya laptopu, projekta na spika. Lakini ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba sikutoka nje ya darasa langu. Kila siku hapa kampasi tunaulizana: "Mashine gani nzuri? Hii na ile, nichukue ipi?" Na kila siku tunajibu bila kufikiri. Ninalotaka kulithibitisha ni moja tu: anayejibu swali hilo anatoa ushahidi, na ushahidi una masharti yake.

Kisa changu mwenyewe

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Mwaka jana niliuza laptopu yangu kwa mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, kwa franga 450,000. Mashine ile ilikuwa na aibu mbili nilizozijua vizuri. Betri yake ilikuwa imekufa, na ikifanya kazi kwa dakika 40 hivi ilipata moto ikazimika yenyewe.

Nilimwita asubuhi, mashine ikiwa ya baridi. Nikaiwasha ikiwa kwenye chaja. Nilikuwa nimeifuta vumbi hadi inang'aa. Akaniuliza, "Kaka, haina tatizo?" Nikamjibu, "Si unaiona mwenyewe?" Sikusema uongo hata neno moja. Nilirudi chumbani nikiwa nimeridhika kwamba sikusema uongo.

Baada ya wiki tatu alinijia uso umemshuka. Nilidhani amekuja kunilaumu. Akasema, "Kaka, nisamehe. Mashine yako uliyonipa kwa bei nafuu, mimi nimeshaiharibu. Inazimika ovyo, na kazi ya mwalimu imepotea yote." Alidhani kosa ni lake! Usiku ule sikulala vizuri.

Haukupita mwezi, kamati ya wanafunzi Waislamu ikanichagua nikatafute vyombo vya darsa zetu za Jumamosi: laptopu moja, projekta moja na spika. Fedha zilikuwa michango ya wanafunzi, na ninawajua waliotembea kwa miguu badala ya kupanda basi ili watoe sehemu yao. Amir wa kamati akaniambia, "Wewe unajua mambo ya mashine, tunakuamini." Neno hilo lilinichoma.

Msingi wa somo

Tunajifunza katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikagusa umajimaji. Mwenye lundo akasema kwamba limenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile sehemu iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kwamba anayeghushi si katika watu wake. Angalia vizuri: mtu yule hakusema uongo. Alipanga tu kikavu juu na kibichi chini. Mimi nami nilipanga asubuhi ya baridi juu, na joto la dakika ya 40 chini.

Msingi wa pili ni kisa cha Fatima bint Qays (R.A.). Alipomaliza eda yake alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba wamemposa Muawiya na Abu Jahm. Mtume alimtajia dosari ya kila mmoja: huyu ni mkali kwa wanawake, yule hana mali. Kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Wanachuoni wamechukua hapa kwamba kutaja aibu kwa anayeomba ushauri si kusengenya, ni nasaha. Imam an-Nawawi ameliweka jambo hili miongoni mwa sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo. Ikiwa aibu ya binadamu inatajwa kwa ajili ya nasaha, aibu ya laptopu inafichwa kwa haki gani?

Basi nikaamua kulinganisha mashine kwa kanuni ninazozisoma darasani, yaani elimu ya jarh na taadil, ambayo kwayo wanachuoni wa hadithi walipima wapokezi. Nilichukua kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: eleza sababu

Wanachuoni wengi wa hadithi hawakubali mpokezi aangushwe kwa neno tupu la "dhaifu" mpaka sababu ielezwe, kwa kuwa huenda msemaji amemwangusha kwa jambo lisiloangusha. Sasa sikiliza mazungumzo yetu: "Ile chapa mbovu." "Hii ndiyo kali." Hayo ni maneno matupu. Ubovu uko wapi? Umeupima vipi?

Kuna fundi mmoja, mzee wa Buyenzi, anayefungua mashine kwenye meza ndogo nje ya nyumba yake. Nilipomuuliza ni mashine gani nzuri, akacheka: "Mwanangu, mimi sisemi nzuri. Nasema nimeona nini." Niliandika neno hilo kwenye daftari langu. Toka siku hiyo kila mashine niliyoipima niliipa safu tatu: nilichokiona kwa macho yangu, nilichokisoma kwenye maandishi yake, na nilichoambiwa na muuzaji. Safu ya tatu sikuichanganya kamwe na ya kwanza.

Mfano ni laptopu mbili nilizozikuta. Zote ziliuzwa kwa jina moja: "Core i5, memori 8." Ya kwanza ilikuwa na diski ya GB 500, ya pili GB 256. Mtu wa haraka angechukua ya kwanza, maana namba ni kubwa na bei ni ndogo. Lakini Core i5 ni jina la ukoo tu. Namba inayolifuata ndiyo inayokuambia mtoto ni yupi. Ya kwanza ilikuwa i5-2520M, prosesa ya kizazi cha pili iliyotoka mwaka 2011, yenye viini viwili. Ya pili ilikuwa i5-8250U, ya kizazi cha nane iliyotoka mwaka 2017, yenye viini vinne. Katika namba ya tarakimu nne inayoanza na 2 hadi 9, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Katika inayoanza na 1, kama 10210U, soma mbili za mwanzo.

Tofauti hii ina matokeo. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, kwa kanuni yao, kuanzia kizazi cha nane. Pia diski ya ile ya kwanza ilikuwa ya sahani inayozunguka, na ya pili SSD isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Niliziwasha zote kwa saa ya simu: ya kwanza ilichukua zaidi ya dakika mbili, ya pili haikufika sekunde 20. Hiyo ndiyo sababu iliyoelezwa. Anayebisha anaweza kurudi na saa yake akapima.

Kanuni ya pili: hukumu ina wakati wake

Ataa bin as-Saib alikuwa mpokezi mkweli, lakini mwisho wa umri wake kumbukumbu ilichanganyika. Wanachuoni hawakumtupa wala hawakumpokea kijumla. Waliuliza: aliyesikia kwake, alisikia kabla au baada ya kuchanganyika?

Mashine nyingi tunazonunua Bujumbura zimeshatumika nchi nyingine kabla ya kutufikia. Kwa hiyo sifa iliyoandikwa siku ile mashine ilipokuwa mpya ni ushahidi wa "kabla", na wewe unanunua "baada". Betri ndiyo dalili ya wazi. Muuzaji wa laptopu ya pili aliniambia, "Chaji inakaa saa tano." Sikumwita mwongo. Niliomba ruhusa, nikafungua dirisha la amri la Windows, nikaandika powercfg /batteryreport. Mashine yenyewe inaandika ripoti yenye namba mbili: ujazo wa betri ilipotengenezwa, na ujazo inaoweza kubeba leo. Tulikuta 48,000 na 31,000, yaani imebaki karibu asilimia 65. Tukaiacha bila chaja, na ilitupa saa mbili na nusu. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akapunguza bei. Ninaamini alikuwa hajui. Alirudia tu aliyoambiwa na aliyemuuzia.

Na usipime mashine ya baridi! Cheza video kwa saa nzima, gusa chini yake, sikiliza feni. Ninajua ninachosema, kwa sababu mimi ndiye niliyemwonyesha mdogo wetu mashine ya asubuhi.

Kanuni ya tatu: kila kimoja kwa kazi yake

Ismail bin Ayyash, akipokea kutoka kwa watu wa Sham, hadithi zake hukubalika. Akipokea kutoka kwa watu wa Hijazi, huwa dhaifu. Mtu ni yule yule, lakini hukumu ni mbili, kwa mambo mawili tofauti. Hivyo swali la "ipi bora?" ni swali pungufu. Bora kwa kazi gani, katika chumba gani, kwa watu wangapi?

Tulilinganisha projekta mbili. Moja ilikuwa mpya, ndogo, nzuri kuitazama, na boksi lake limeandikwa lumeni 9,000 na 1080p. Nyingine ilikuwa kuukuu ya ofisini, imechubuka pembeni, yenye lumeni 3,000 za kipimo cha ANSI na pikseli 1280 kwa 800. Tukaziwasha zote ukumbini baada ya Alasiri, madirisha yakiwa wazi. Ile ya 9,000 ikatoa kivuli cha picha, na ile ya 3,000 ikasomeka. Sababu ni kwamba ANSI ni kipimo kilichowekewa utaratibu: mwanga unapimwa sehemu tisa za picha nyeupe kisha unatafutwa wastani. Neno "lumeni" tupu kwenye boksi, mwenye boksi anaweza kulipima apendavyo.

Kisha tukaweka ukurasa wa Msahafu. Kwenye ile ndogo herufi zilionekana, lakini fatha na kasra zilipotea. Nikatafuta ndani ya kitabu chake cha maelekezo, nikakuta kwa maandishi madogo kwamba picha yake halisi ni pikseli 800 kwa 480. Ile "1080p" ilikuwa na maana kwamba inapokea picha ya kiwango hicho, kisha inaipunguza. Piga hesabu: 1920 mara 1080 ni pikseli 2,073,600, na 800 mara 480 ni 384,000. Haifiki hata moja ya tano. Kwa darsa ya tajwidi, irabu ndiyo somo lenyewe.

Lakini uadilifu unanilazimisha niseme na upande wa pili. Tuliiwasha ile ndogo tena usiku baada ya Isha, chumbani, taa zimezimwa, watu watano. Ilikuwa nzuri. Anayetaka sinema ya nyumbani kwa ajili ya familia yake, jioni, kwa bei ndogo, asiidharau. Na ile kubwa ina aibu yake: taa yake ilikuwa imeshatumika saa 2,100, namba inayopatikana kwenye menyu ya projekta, na umeme ukikatika ghafla feni husimama taa ikiwa bado moto. Jambo hilo hupunguza umri wa taa. Kwa hiyo niliiandikia kamati: ikinunuliwa hii, tutafute na kifaa cha kuhifadhi umeme cha kuiwezesha feni imalize kazi yake, na tuweke akiba ya taa.

Kanuni ya nne: usidanganywe na chuchu zilizojaa

Mtume (S.A.W.) alikataza tasriya, yaani kumwacha ngamia au mbuzi bila kukamwa siku kadhaa ili mnunuzi aone viwele vimejaa adhani ni vya kila siku. Aliyenunua hivyo ana hiari baada ya kukamua: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende.

Sijaona tasriya ya leo iliyo wazi kuliko namba za spika. Seti moja yenye sabufa kubwa na taa za rangi iliandikwa wati 12,000 za PMPO. Nikaigeuza nyuma, nikasoma kibandiko cha umeme: inakula wati 60. Ndugu yangu, kifaa kinachokula 60 hakiwezi kukutolea 12,000 mfululizo. PMPO ni namba isiyo na kipimo kinachokubaliwa. Tafuta wati za RMS, na ukizikosa, soma kibandiko cha nyuma.

Halafu sikiliza kwa kile utakachokisikiliza. Muuzaji hukuchezea muziki wenye mdundo mzito, kifua kikatikisika, ukaamini. Mimi niliomba kisomo cha Qur'ani na hotuba. Sauti ya binadamu imekaa zaidi masafa ya kati. Simu za zamani ziliibeba kwa hertzi 300 hadi 3,400 tu, na watu wakaelewana. Kwenye ile sabufa, sauti ya msomaji ilivuma kama inatoka ndani ya pipa. Spika mbili ndogo za pembeni, za wati 30 RMS kila moja, zilitoa kila herufi mahali pake. Kwa muziki wa harusi, sabufa ingeshinda. Kwa darsa, ilishindwa.

Flashi ni vivyo hivyo. Ipo inayojionyesha GB 512 ukiichomeka, kumbe ndani ni ndogo mno, na faili zako zinaandikwa juu ya nyingine kimya kimya. Dawa yake ni kuijaza yote kisha kuzisoma faili tena. Programu ya bure ya H2testw hufanya kazi hiyo.

Mtihani wa komisheni

Kijana mmoja wa dukani alinivuta pembeni: "Mlete amir wako hapa, na wewe nitakuona." Nikamkumbuka Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) akahoji: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi ile ingemfikia? Nami nikajiuliza: bila michango ya wenzangu, kijana huyu angenijua? Nikamwomba alichotaka kunipa akipunguze kwenye bei. Alipunguza kidogo, alhamdulillah.

Kurudisha haki

Tulinunua laptopu ya kizazi cha nane, projekta kuukuu na zile spika mbili. Ripoti yangu ilibandikwa ubaoni, aibu za kila kifaa zikiwa juu na sifa zikiwa chini.

Lakini kabla ya kuiandika ilinibidi niende kwa mdogo wetu. Katika madhhab ya Shafi, aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana hiari: akirudishe achukue bei yake, au abaki nacho. Na sharti la "ikishatoka imetoka" halimwokoi muuzaji aliyeijua aibu akaificha. Nikamwambia, "Hukuiharibu wewe. Niliijua tangu asubuhi ile." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilikuwa nawaambia wenzangu wanunue kwako." Akachagua kurudisha. Fedha nilikuwa nimeshazila, nikamlipa kwa mafungu matatu kutokana na masomo ya jioni ninayofundisha watoto. Kazi yake iliyopotea sikuweza kumrudishia.

Kabla hujalipa, ndugu msomaji

1. Soma namba kamili ya prosesa, usiridhike na jina la ukoo.
2. Toa ripoti ya betri, kisha itumie bila chaja.
3. Ipashe mashine moto kwa saa nzima.
4. Projekta: uliza lumeni za ANSI, pikseli halisi na saa za taa. Ijaribu mchana.
5. Spika: soma kibandiko cha nyuma, sikiliza sauti ya mtu.
6. Andikianeni karatasi: bei, aibu zilizotajwa, na siku za kurudisha.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Rafiki yako anauza simu na unajua imewahi kuingia maji. Mnunuzi hakukuuliza. Je, unyamaze?
2. Umesifu mashine ambayo hujawahi kuigusa. Safu ipi kati ya tatu ulipaswa kuitaja?
3. Muuzaji amesema kweli tupu, lakini mnunuzi amedanganyika. Vipi?

Swali la tatu nimelijibu kwa franga 450,000, na somo langu limekwisha. Tunamwomba Allah (S.W.) azifanye ndimi zetu kuwa mashahidi wa haki, hata dhidi ya nafsi zetu. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.